Anataka Kusalimia Tu

Mbwa wangu alinivunja mkono mwezi wa sita, majira ambayo mtaa wetu wa Sekei unaamka na ukungu na wazazi wote wanakumbuka kwa pamoja kwamba watoto wao hawana masweta. Mimi hufuma masweta ya shule kwa mashine, nyumbani kwangu. Mkono wa kulia ukifungwa hogo la plasta, kazi imelala.

Hakunivunja kwa kunuia. Tulikuwa tunatoka getini, yeye mbele na mimi nyuma, akamwona mbwa mwingine ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimeizungusha kamba kiganjani, nikidhani ndiyo kushika vizuri. Aliporuka niliruka naye, tukaishia mtaroni.

"Mbwa hatembezwi," alisema mama yangu niliporudi kutoka hospitali. Mama alishuka kutoka kwetu mlimani baba alipofariki, na tangu hapo tunaishi wote. "Mbwa anafungwa mchana, anafunguliwa usiku. Asubuhi anarudi bandani. Wewe umemletea mambo ya watalii."

Mtaa mzima ulifanya hivyo hivyo alivyosema. Lakini huyu wangu, jike jekundu lenye kifua cheupe, hakukubali banda. Mume wangu alimleta baada ya wezi kuruka ukuta na kuondoka na mtungi wetu wa gesi, kisha yeye akarudi porini na magari yake ya watalii, na mimi nikabaki na mbwa anayebweka kuanzia asubuhi. Jirani mwenye mtoto mchanga alishakuja kulalamika, akiwa na adabu mwanzoni, baadaye bila adabu. Daktari wa mifugo ndiye aliyeniambia nimtembeze ili achoke. Na nilipovunjika, daktari huyo huyo akaniambia kuna mwalimu wa mbwa kule Olasiti, anafundisha kundi kila Jumamosi asubuhi.

Mama alicheka hadi akakaa chini. Akampigia dada yake simu palepale. "Sikiliza, mbwa wa hapa anaanza shule."

Hogo lilipotolewa nilimpakia mbwa nyuma ya gari letu kuukuu, nikavuka mji. Kiwanja kilikuwa kipana, kimezungushiwa seng'enge, kona moja ina tanki la maji juu ya jukwaa la zege. Mwalimu alikuwa mwanamume mwembamba aliyewahi kufanya kazi na mbwa wa kampuni ya ulinzi. Tulikuwa wachache: mume na mke vijana wenye kitoto cha mbwa, kaka mmoja wa benki mwenye mbwa mweusi aliyenyamaza kama bwana wake, na mimi.

Mwalimu alimtazama wangu akibweka, akanisogelea bila kumwangalia mbwa usoni.

"Dada, huyu hana ukali. Ana hofu. Anabweka ili wenzake waondoke. Dawa yake ni umbali. Akimwona mwenzake kwa mbali, kabla hajafungua mdomo, mpe ini. Kesho mnasogea kidogo, keshokutwa kidogo tena. Ukimharakisha, unaanza upya."

Nilikuwa na mfuko wa maini ya kuchemsha. Nikasimama mbali. Mbwa wangu akanitazama, nikampa ini. Akatazama wenzake, akanitazama, nikampa tena. Nikaanza kupumua.

Ndipo geti likafunguliwa na mama mmoja mnene, mtu mzima, kilemba kichwani na kikapu begani, akaingia akiwa anaburutwa. Aliyekuwa akimburuta ni dume kubwa la rangi ya mchanga, kichwa kama cha ndama, ulimi nje. Kamba ilimtoka mama yule hata kabla geti halijafungwa. Dume lilipita katikati ya kiwanja, likamkanyaga mtoto wa mbwa, likatujia sisi.

"Usiogope, mwanangu!" mama alipaza sauti, akicheka. "Huyo hana shida! Anataka kusalimia tu!"

Wangu alisimama kwa miguu miwili akapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia. Kamba ikanichoma viganja. Nikajaribu kumkinga kwa mwili wangu, na dume likadhani ni mchezo, likatuzunguka. Na katikati ya mambo hayo yote, mama yule aliponifikia, ilinibidi niseme, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umzima? Ona walivyofurahi."

Hapo ndipo shida yangu ilipokaa. Angekuwa wa rika langu ningemjibu. Lakini utamgombezaje mtu uliyemwamkia shikamoo sasa hivi, akakuitikia kwa upendo, na ana chupa ya chai ya tangawizi kikapuni kwa ajili ya watu wote? Maana alikuja na chai. Alikuja na maandazi pia. Mafunzo yalikatika, watu wakamzunguka, akawasimulia habari za mbwa wake kana kwamba anasimulia habari za mjukuu. Mimi nilibaki nyuma ya tanki na mbwa anayetetemeka. Nilimsikia yule mke kijana akimwambia mumewe, "Yule dada anajitenga kweli."

Wiki ile sikutulia. Nilikuwa nikisukuma kichwa cha mashine huku na huku, na moyoni naongea na yule mama. *Mama, naomba umshike mbwa wako.* Hapana, hilo ni dogo, atacheka. *Mama, unaniharibia.* Hapana, hilo ni kubwa. Nilikosea hesabu ya mistari nikafumua mkono mzima wa sweta.

"Unaongea na nani?" mama yangu aliuliza akiwa jikoni.

"Na mashine."

"Inakujibu?"

Jumamosi iliyofuata niliwahi. Niliegesha gari pembeni ya tanki ili liwe ukuta. Dume lilikuja kwa chini, likapitisha kichwa uvunguni mwa gari. "Anataka kusalimia tu!" Jumamosi nyingine nilimfuata mama yule getini kabla hajaingia, nikamwamkia, nikasema maneno yangu yote niliyoyapika wiki nzima: kwamba mbwa wangu ni mwoga, kwamba mwalimu amesema akae mbali na wenzake, kwamba tafadhali leo tupeane nafasi.

"Mwoga?" Macho yake yalijaa huruma ya kweli. "Maskini! Basi dawa ya woga si kuzoea? Twende, twende wakazoeane!"

Nikaenda kwa mwalimu. Yeye akaangalia viatu vyake.

"Dada, nimeona. Nimeona sana. Lakini hiki kiwanja ni chake. Ile nyumba ya jirani pale ndiyo kwake. Amenipa nifundishie bure. Nikimkorofisha, mbwa wenu nitawafundishia barabarani?"

Basi nikajua hakuna wa kunisaidia. Nyumbani mbwa wangu alikuwa amezidi. Sasa alibweka hata akisikia mnyororo wa baiskeli. Jirani mwenye mtoto aliacha kunisalimia. Mama yangu alianza kusema habari za shemeji yake wa Usa River anayetafuta mbwa wa kulinda nguruwe. Mimi nilikula nikiwa nimesimama. Nililala nikaamka nimekunja ngumi, ule mkono uliovunjika ukiniuma hadi kwenye kiwiko. Mara kadhaa nilijiambia sirudi tena Olasiti, na kila ilipofika Ijumaa nilijikuta jikoni nachemsha maini.

Siku ile yenyewe ilianza vizuri, jambo ambalo sikulizoea. Ukungu ulikuwa umepanda mapema, mlima Meru wote uko wazi hadi kileleni. Mwalimu alitupanga mbalimbali, kila mtu na mbwa wake, akatuambia tuwakalishe, tuwaache watulie, tusiseme neno. Wangu alikaa. Masikio yalikuwa yamesimama, lakini alikaa, na macho yake yalikuwa kwangu. Alinitazama kwa muda mrefu, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, huku mbwa wengine wakiwa mbele yake. Nilijisahau. Nililegeza mkono.

Nikasikia kishindo. Sikuwa na nafasi hata ya kugeuka. Dume lilikuja na kamba yake ikiburuta vumbi, likatubana kati ya gari na tanki, na wangu, aliyekosa pa kukimbilia, akauma.

Sikio la mbwa lina damu nyingi kuliko unavyodhani. Lile dume lilipolia na kutikisa kichwa, damu iliruka kwenye gari, kwenye kilemba cha mama yule, kwenye mashavu yangu. Mwalimu na yule kaka wa benki walilidaka. Mama yule alikuja mbio, akapiga magoti vumbini, akamkumbatia mbwa wake shingoni.

"Ameniumizia mtoto! Mbwa gani huyu? Huyu si wa kuletwa kwenye wenzake!"

Nilifungua mdomo nikitaka kusema pole. Kilichotoka ni kingine.

"Mama, umeachia kamba! Kila Jumamosi unaachia kamba! Nimekuomba ukakataa, nimekukimbia mpaka nyuma ya tanki. Ulitaka nikajifiche wapi tena?"

"Dada," alisema yule mume kijana kwa sauti ya chini, "huyo ni mtu mzima."

"Najua ni mtu mzima!" Nilipiga kelele hata mbwa wangu akainama. Nikamwingiza garini na kuondoka. Nilipofika barabara kuu niliegesha pembeni. Nyuma, mbwa wangu alikuwa amelala usingizi wa amani kabisa.

Nilidhani mama yangu atacheka. Hakucheka.

"Umemfokea mtu wa rika langu mbele za watu?"

"Mama, hukuona—"

"Sikuona. Mbwa kumuuma mbwa, hilo limeshapita, wenyewe wameshasahau. Hilo lingine halijapita." Akarudi kuchambua maharage yake. Kisha akaongeza, "Nyuma ya nyumba kuna parachichi zimeiva. Ukienda kumpa pole usiende mikono mitupu."

Sikwenda. Wiki nzima nilisema kesho. Jumamosi nikaenda darasani kama kawaida, na mama yule hakuwepo.

Nilikuwa nimetamani asubuhi ya namna ile. Kiwanja kilitulia. Mbwa wangu alifanya yote aliyoambiwa. Mwalimu alimsogeza karibu na mbwa mweusi wa yule kaka wa benki, hatua kwa hatua, na hakubweka. Mimi sikuona furaha yoyote. Kila gari lililopita nje niligeuka. Hakukuwa na chai, na wale vijana wawili hawakuniangalia. Mwalimu aliniambia sikio limeshonwa, linapona, ila mama hapokei simu, na yeye hajui kama kiwanja bado anacho.

Tulipomaliza, nilimwacha mbwa garini kivulini, madirisha yakiwa wazi kidogo, nikachukua mfuko wa parachichi niliokuja nao, nikaenda kugonga geti la yule mama, jirani na kiwanja.

"Sukuma! Liko wazi!"

Alikuwa barazani, blanketi magotini. Dume liliinuka, sikio lote limepakwa dawa ya zambarau, likanijia likaegemeza uzito wake wote kwenye mapaja yangu. Halikuwa na kinyongo hata chembe. Nililikuna kichwa kwa aibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakusema mwanangu. "Kaa. Utakunywa chai."

Alichukua chupa, akajaribu kufungua kizibo. Akajaribu tena, ameibana kifuani. Kisha akanisukumia mezani. "Nifungulie."

Ndipo nikaviona vidole vyake. Wiki zote zile nilikuwa nikiangalia kamba, nikiangalia dume, nikiangalia kikapu, vidole sikuviangalia. Vilikuwa vimevimba kwenye maungio, vimepinda upande mmoja.

"Baridi yabisi," alisema. "Miezi hii ya baridi ndiyo inakuwa mbaya. Asubuhi siwezi hata kufunga kifungo. Huyu akivuta, kamba inapita tu. Sioni hata inavyoondoka."

"Mama, mbona hukumwambia mwalimu?"

"Nimwambie nini? Wanangu walinikataza nisimchukue. Wako Dar wote. Walisema mama utaangushwa. Nikawaambia niacheni, namuweza." Alimtazama mbwa. "Sasa akinitoka mbele za watu nitasema nini? Nasema anataka kusalimia."

Nilimimina chai. Mkono wangu ule uliovunjika ulichoka, nikabadilisha, na nikaona kwamba ameona.

"Nawe je?"

Nikamweleza habari ya mtaro. Alisikiliza bila kunikatiza, na mwishoni akanipa pole ndefu, mimi niliyekwenda kumpa yeye.

"Mama, nisamehe kwa nilivyosema mbele za watu."

"Ulisema kweli," alijibu. "Ila una sauti, wewe!" Akacheka kidogo. "Na mbwa wako ana meno."

Akaniruhusu nimweleze mwalimu. Mwalimu hakusema mengi. Jumamosi iliyofuata tulikuta amechimbia nguzo katikati ya kiwanja, imefungwa mnyororo. Dume lilifungwa pale, na mama akasimama pembeni na kutoa amri, nguzo ikishika badala yake. Mbwa yule alivuta, akafika mwisho, akashangaa. Baada ya muda akajifunza kukaa. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na darasa kweli. Mimi na wangu tulianzia kwenye tanki, tukasogea, tukasogea, mpaka ikafika asubuhi ambayo wangu alimtazama yule adui wake wa sikio, manyoya ya mgongoni yakiwa yamesimama wima, kisha akageuza kichwa kunitafuta mimi. Mama yule alinipigia vigelegele. Wangu akashtuka, akabweka, tukaanza upya, na sikukasirika.

Lakini nguzo haiendi nyumbani na mtu. Haikuchukua muda yule mama akanipigia simu asubuhi moja.

"Mwanangu, gari lako zima?"

Dume lilimwona paka wakati anafungua geti. Mama aliburutwa akaangukia nyonga. Hakuvunjika, ila alikaa chini pale kwa muda mrefu kabla ya mtu kupita na kumwinua. Wanawe hakuwaambia. Mtoto wa dada yake ni msimamizi katika shamba la maua Usa River, ana eneo kubwa lenye uzio, na alishakubali kumpokea mbwa. Hakukuwa na mtu wa kumpeleka.

"Mama, una hakika?" nilimuuliza nilipofika. Nilikuwa nimemuuliza hivyo njiani peke yangu mara nyingi. Mimi ndiye niliyesema mbele ya watu kwamba hashiki kamba. Kama ningenyamaza, labda nguzo isingekuwepo, labda angeendelea kucheka na kusema anasalimia, na kuanguka angeanguka vilevile. Au asingeanguka. Nilizungusha hayo kichwani hadi nikakosea mahali pa kukata kona.

"Washa gari," alisema, "kabla sijabadilisha."

Safari nzima dume lilisimama nyuma, kichwa katikati yetu, likipumua masikioni mwetu na kuloanisha mabega yetu. Mama aliongea na mimi habari za bei za mahindi, za mvua, za chochote. Hakugeuka nyuma hata mara moja, lakini mkono wake wa kulia alikuwa ameuinua juu ya bega, na mbwa akiulamba.

Usa River mpwa wake alitusubiri kwenye geti la shamba. "Shikamoo mama mdogo." Mimi ndiye niliyemshusha mbwa. Nilishika kamba kwa mikono yote miwili, bila kuizungusha, kama tulivyofundishwa, na alinivuta hata hivyo, akamfikia mlinzi, akamfikia mwanamke aliyebeba ndoo, akamrukia kila mtu kwa furaha. Mama alibaki ameegemea mlango wa gari akitoa maagizo: ugali upoe kwanza, sikio lipakwe dawa mpaka manyoya yaote, usiku asifungiwe peke yake.

"Sawa mama mdogo."

"Na akikurukia usimpige."

"Sitampiga."

Mbwa alipelekwa nyuma ya mabanda ya plastiki. Tulisikia akibweka, tukasikia watu wanacheka, kisha hatukusikia kitu.

Wangu hajapona woga wake. Watu huniuliza, nawajibu hivyo. Kuna siku anapita mbele ya mbwa wa jirani akinitazama mimi kama mwanafunzi hodari, na kuna siku ananiburuta hadi nakumbuka mtaro. Mama yangu bado anasema banda. Mimi bado nachemsha maini kila Ijumaa.

Siku ile, tuliporudi na kukaribia Tengeru, ilikuwa siku ya gulio. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani na mikungu ya ndizi na kuku vichwa chini.

"Nishushe hapa," mama yule alisema.

"Mama, utarudije Olasiti na nyonga hiyo?"

"Sijui. Sitaki kufika nyumbani sasa hivi."

Niliegesha. Nilizunguka upande wake nikamfungulia mlango, akanishika mkono, ule mbovu, akaushika kwa vidole vyake visivyoshika. Tukaingia sokoni hivyo hivyo, taratibu, yeye akiuliza bei za vitu ambavyo hatukuvihitaji, na wauzaji wakimwitikia mama, karibu mama, chagua mama.